Mtani Ndiye Mzishi: Kicheko cha Lugha Mbili Kutoka Kihesa

Katika Kiswahili cha mwambao lipo neno mzishi. Maana yake ya juu ni mtu azikaye. Maana yake ya ndani, ile waliyoikusudia wazee, ni rafiki wa dhati, yule ambaye siku ya kufa kwako hangoji kuitwa. Neno hili limeanza kusahauliwa visiwani, na vijana wengi wakilisikia hudhani kwamba linamtaja mfanyakazi wa makaburini. La ajabu ni kwamba maana yake kamili ingali hai mbali na bahari, katika nyanda za juu za kusini ya Tanzania, na huko haikukaa katika huzuni bali katika kicheko. Mtu anayekucheka hadharani mbele ya wakwe zako, akalisuta kabila lako na kukikebehi chakula chako, ndiye huyo huyo atakayeshika jembe siku ya maziko yako. Huko huitwa mtani.

Makala haya yanakusudia kufuata njia ya kicheko hicho, kuanzia vita vya karne ya kumi na tisa hadi kipaza sauti cha leo. Kituo chetu ni Kihesa, kata ya mji wa Iringa iliyo upande wa barabara iendayo Dodoma. Tumekichagua kwa sababu huko lugha mbili hukutana kila jioni, na kwa sababu swali linalotushughulisha huonekana hapo waziwazi: ni nani mwenye haki ya kumcheka mwenziwe, na haki hiyo hulipiwa nini?

Mji wa Iringa umekaa juu ya kilima, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai mgeni wa pwani hujikunyata hata adhuhuri. Kihesa ni mahali pa soko, pa daladala na pa vyumba vya kupanga. Wenyeji wengi ni Wahehe. Wamo Wabena na Wakinga waliotoka Njombe na Makete. Na kwa kuwa mji huu una vyuo vikuu, wamo pia wanafunzi wa kila mkoa, hata wa kutoka Unguja na Pemba. Watu wa namna hiyo wakikaa pamoja usiku, hawana budi kuchagua lugha ya kuchekea.

Neno klabu kwetu humkumbusha mtu timu ya mpira au ukumbi wa muziki. Huko kilabu ni nyumba ya pombe ya kienyeji, na kinywaji kinachosifika ni ulanzi, utomvu wa mianzi michanga unaogemwa wakati wa mvua kama tembo linavyogemwa mnazini. Msomaji asiyekunywa asihofu, kwani hatumwaliki kunywa; twamwalika kusikiliza. Katika mabenchi ya kilabu husimama mtu mmoja, akasema, wengine wakacheka, akaketi, akasimama wa pili kumjibu. Hakuna jukwaa wala kiingilio. Mambo hayo hayo siku hizi yamehamia katika kumbi za sherehe, katika harusi na katika ile jioni ya kumuaga binti iitwayo sendofu, ambapo mshereheshaji hushika kipaza sauti na kuwa mtani wa koo mbili kwa saa nne mfululizo. Wanaosema kwamba uchekeshaji wa mtu mmoja jukwaani umeletwa Afrika Mashariki kutoka Marekani na Uingereza wanasema kweli kuhusu jina lake na taa zake. Kuhusu kazi yenyewe hawajafika Kihesa.

Tazama jinsi lugha mbili zinavyotumika. Mshereheshaji huanza kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili ni cha wote. Hujenga kisa polepole, akawatambulisha wahusika, akawaongoza wasikilizaji hadi mlangoni. Afikapo penye ncha ya maneno hugeuka ghafla na kuingia Kihehe. Hapo ukumbi hugawanyika. Wa nyumbani huangua kicheko, wageni hutazamana. Kisha huja tafsiri, ambayo aghalabu si tafsiri bali ni uchokozi mpya, na wageni nao wakacheka. Na wenyeji wakacheka mara ya pili, safari hii wakiicheka tafsiri. Neno moja limezaa vicheko vitatu, na kila kimoja kimetoka upande mwingine wa ukumbi.

Mfano wa wepesi kabisa ni salamu. Mhehe huamkia kwa kusema kamwene. Sikio la pwani husikia “kamwone”, likadhani linatumwa. Mgeni huuliza: “Nikamwone nani?” Hapo ni yeye anayechekwa. Lakini mgeni mwenye ulimi hashindwi. Hujibu kwamba kwao mtu huulizwa hali kwanza, ndipo akatumwa. Mwenyeji naye hamwachi: kwenu, humwambia, hali huulizwa mpaka chai ikapoa, na hapa Iringa chai haingoji. Katika maneno hayo machache kila upande umepigwa, na hakuna aliyeumia. Sababu yake haipo katika uhafifu wa maneno. Ipo katika zamu: kila mmoja alipewa nafasi ya kujibu, na kila mmoja alikuwa na lugha ya kujibia. Mpenzi wa mashairi atakuwa ameshaitambua sheria hii, kwani ndiyo sheria ya majibizano.

Desturi hii haikuzaliwa ukumbini. Katikati ya karne ya kumi na tisa, Munyigumba aliziunganisha himaya ndogondogo za Uhehe zikawa dola moja, na baada ya kufa kwake ikaja zamu ya mwanawe Mkwawa. Upande wa kusini walikuwapo Wangoni, ambao babu zao walikuwa wametoka kusini mwa Afrika kwa safari ya miaka mingi wakipigana. Mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880 mataifa haya mawili yalikutana vitani, wakauana sana, na hakuna aliyemshinda mwenziwe. Wenyewe husimulia kwamba utani wao ulitokana na vita hivyo. Watu walioshindwa kumalizana kwa mkuki walikubaliana kutaniana kwa maneno, na wakaongeza sharti moja lililo zito kuliko silaha: kwamba watazikana.

Ili kuuona uzito wa sharti hilo, tutazame adui mwingine wa Mkwawa, ambaye hakuwa mtani. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe walikishambulia kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski, ambaye watu walimpachika jina la Nyundo. Mwaka 1894 Wajerumani waliiteka ngome ya Kalenga. Afisa wao Tom Prince naye alikuwa na jina lake, Bwana Sakarani, na anayejua Kiswahili anajua maana ya sakarani. Majina ya namna hiyo ni mizaha, lakini ni mizaha ya kisogoni. Husemwa kwa lugha ambayo mtawala haielewi barabara, na mtawala hana zamu ya kujibu ila kwa bunduki. Mkwawa alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 asije akakamatwa. Hakuzikwa kama azikwavyo mtu mwenye watani. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu lake likadaiwa na Waingereza hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246. Fuvu lililotambuliwa kuwa lake lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, mikononi mwa Gavana Edward Twining. Kutoka 1898 hadi 1954 ni miaka 56. Mngoni, aliyewaua Wahehe kwa mamia, aliweka ahadi ya kuwazika. Mstaarabu aliyetoka mbali alichukua kichwa. Kwa kipimo hicho ndipo watu wa nyanda za juu humjua mtani na asiye mtani.

Wataalamu walichelewa kuyatambua haya, lakini waliyatambua. Mwaka 1940 Radcliffe-Brown, mwanaanthropolojia Mwingereza, aliandika juu ya uhusiano wa kutaniana katika nchi mbalimbali. Mwaka 1944 Reginald Moreau, mtafiti aliyekuwa akifanya kazi Amani katika milima ya Usambara na aliyejulikana zaidi kwa elimu yake ya ndege, alichapisha makala juu ya utani wa makabila ya Tanganyika. Katikati ya miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa juzuu kadhaa za utafiti juu ya utani, chini ya uhariri wa Stephen Lucas. Ukiyasoma hayo utaona kwamba utani ulifuata mapito mawili makubwa: mapito ya vita na mapito ya misafara. Uliwaunganisha waliopigana, na uliwaunganisha waliokutana njiani, kama Wanyamwezi waliobeba mizigo hadi pwani na makabila ambayo nchi zao walizipitia.

Faida yake kwa msafiri ilikuwa dhahiri. Kijana wa Ubena au wa Ungoni aliyechukuliwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga alikuwa mbali na ukoo wake. Akifa huko, nani amwoshe? Nani achimbe? Mtani wake alikuwa ndiye ndugu yake wa ugenini. Na katika msiba mtani hufanya mambo ambayo mwingine akiyafanya atapigwa: humwigiza marehemu alivyotembea na alivyodaiwa, hujilaza kaburini akataka alipwe kwanza ndipo atoke, hunyakua kuku wa wafiwa, na hakuna wa kumkataza. Wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Kisha mtani huyo huyo hutoka kaburini, akajifuta udongo, akaifanya kazi yote.

Hapo ndipo tunapoweza kuelewa mzaha ulio mgumu kuliko yote ya Iringa. Wahehe wametaniwa tangu zamani kwa kula mbwa, na hilo ni jepesi. Wametaniwa pia kwamba hasira zao huishia kwenye kamba, kwamba Mhehe akiudhiwa hatafuti wa kumpiga, hujinyonga. Mtu wa mbali akilisema hili limekuwa ukatili, kwa sababu zipo nyumba ambazo jambo hilo si hadithi. Mtani hulisema, na husikilizwa, kwa kuwa kila mtu katika mkutano anajua kwamba yakitokea ya kutokea, yeye ndiye atakayeikata kamba. Amelilipia neno lake kabla ya kulitamka. Mwenye kulicheka jambo ambalo hatalibeba, huyo wahenga walikwisha kumwonya: mcheka kilema hafi bila kumfika.

Msomaji wa visiwani asidhani kwamba tunamsimulia mambo ya kigeni. Makunduchi, katika sherehe ya Mwaka Kogwa, watu wa pande mbili hupigana kwa mapande ya migomba na kuzimwaga chuki za mwaka uliopita, huku wanawake wakiimba maneno ambayo siku nyingine yangewafungia milango. Kisha kibanda huchomwa moto, watu wakapatana, na mwaka ukaanza safi. Katika Ng'ambo ya Unguja, miaka ya 1920 na 1930, kundi la Siti binti Saad liliweka baina ya nyimbo zake maigizo mafupi ya kuchekesha yaliyoitwa natiki, na waliochekwa walikuwa watu ambao wasikilizaji wanawafahamu. Mombasa ya Muyaka bin Haji iliupokea ubeti wa matusi kwa sharti kwamba mtukanwa ataujibu. Hata magazetini, tangu Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, washairi walishambuliana kwa vina na mizani mbele ya nchi nzima. Katika yote hayo mambo ni mawili: kuna ruhusa ya kusema, na kuna zamu ya kujibu.

Lakini zamu hiyo ilipungua, na sisi wa visiwani tumo katika sababu zake. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kukisimamia. Kwa elimu na kwa vitabu uamuzi huo ulileta manufaa ambayo hakuna haja ya kuyakanusha. Kwa kicheko ulileta jambo jingine: tangu siku hiyo ulimi wa mtu mmoja ukawa kipimo na ulimi wa mwingine ukawa kosa. Mhehe anayetia l penye r hakuwa tena jirani mwenye ulimi wake. Akawa mtu asiyejua.

Wala tusisahau nani alianza kulikosea jina la nani. Iringa yenyewe, kwa masimulizi ya wenyeji, ni lilinga, yaani ngome. R yake imetiwa na ndimi za wageni. Mkwawa ni ufupisho wa jina Mukwavinyika, ambalo wageni hao hao hawakuliweza. Mji mzima unaitwa kwa kosa letu, na bado mwenyeji wake akifika Dar es Salaam huchekwa kwa makosa yake.

Penina Muhando Mlama, mwandishi wa tamthilia na mwanazuoni, ameeleza jinsi vichekesho vilivyokua wakati wa ukoloni kwa kumcheka Mwafrika asiyesoma, ajaribuye mambo ya kizungu na kuyakosea. Mbegu hiyo haikufa na uhuru. Katika vichekesho vya redio, katika maonesho ya vikundi vya sanaa vya miaka ya 1980 na 1990, na baadaye katika televisheni, mtu wa bara mwenye lafudhi nzito alibaki kuwa mhusika wa kudumu. Iringa iliingia humo kwa mlango wa uani. Wasichana wengi wa kazi za nyumbani wa Dar es Salaam wametoka mkoa huo, wengine wakiwa wadogo wa kutosha kuwa shuleni. Msichana huyo aliyeacha baridi ya kwao akaenda kulea watoto wa watu, huigizwa akisema kamwene kwa mshangao mbele ya friji. Watazamaji hucheka. Yeye yumo jikoni, anaosha vyombo, anaisikia sauti ya televisheni kutoka sebuleni. Hana zamu. Na wanaomcheka hawatamzika. Akiugua atapakiwa basi na kurudishwa kwao.

Hii ndiyo tofauti iliyo baina ya utani na kejeli, na katika karne hii ya ishirini na moja imekuwa na uzito mkubwa. Nairobi ilitangulia. Kundi la Redykyulass, mwishoni mwa miaka ya 1990, lilimwigiza rais aliyekuwa madarakani kwa lafudhi yake, jambo ambalo miaka michache nyuma lingemfikisha mtu kizuizini. Baadaye vipindi vya Churchill vilijaza kumbi kwa Kiingereza, Kiswahili na lafudhi za makabila. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliwaonesha Wakenya kwamba yale yale yaliyochekesha ukumbini yanaweza kusemwa kwenye kizuizi cha barabarani na mtu mwenye panga. Mwaka 2008 bunge lao lilipitisha sheria ya utangamano wa kitaifa yenye kuharamisha maneno ya chuki ya kikabila. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Tanzania ilibaki na neno la kujikinga. Hata Yanga na Simba, zilizoanzishwa miaka ya 1930, magazeti huziita watani wa jadi ili mashabiki wakumbuke kwamba baada ya mchezo kuna kesho. Na jukwaa limekua: kundi la Orijino Komedi lilijulikana nchi nzima kwa televisheni mwishoni mwa miaka ya 2000, na baada yake Dar es Salaam ikapata jioni za wachekeshaji wa kusimama peke yao, wanaosema Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza.

Mchanganyiko huo wa mjini una lugha mbili, nasi hatuudharau. Hata hivyo lugha mbili za Dar es Salaam na lugha mbili za Kihesa hazifanyi kazi moja. Kiingereza katika mzaha wa mjini aghalabu hupanda ngazi: humtenga aliyesoma na asiyesoma, na anayebaki nje ni mnyonge. Kihehe katika mzaha wa Kihesa hufungua mlango wa pili wa nyumba. Kwa dakika moja msomi wa chuo kikuu, mwenye Kiswahili sanifu na Kiingereza chake, ndiye asiyejua. Bibi mwenye mgolole aliyeketi nyuma ndiye anayecheka kwanza, naye ndiye anayemweleza kijana maana. Tangu 1930 kipimo kilikuwa mkononi mwetu. Kwa dakika hiyo kimebadilisha mkono. Baada ya hapo hurudi Kiswahili, na wote hukaa tena chini ya paa moja.

Ndiyo maana twasema kwamba lugha ya pili katika kicheko si pambo. Ni silaha ya kujibia, na pasipo jibu hapana utani. Mcheshi anayeiga lafudhi ya Mhehe bila kujua neno moja la Kihehe amechukua mlio akaacha maneno. Anayekijua aweza kuigeuza zamu, akawacheka waliokuja kumcheka, nao wakalipenda jambo hilo kwa sababu limewatia katika udugu ambao hawakuwa nao walipoingia.

Sisi wa visiwani tunao urithi mkubwa wa maneno, na twaupenda. Urithi huo una wajibu wake. Tukimsikia mtu wa Iringa akisema l penye r, tunaweza kucheka; hatukatazwi. Tujiulize tu kama tumempa zamu ya kutucheka na sisi, na kama siku ya siku tutakuwapo na jembe. Tukiwa tayari kwa mawili hayo, basi tucheke hadi alfajiri, kwani tutakuwa tumelirudisha katika matumizi neno letu wenyewe, mzishi. Tusipokuwa tayari, heri tunyamaze tujifunze kwanza kuitikia kamwene.